Nina banda la gemu Mbeya, shemeji anataka akiba yangu iingie kwenye gemu za NFT. Nikubali?

BandaLaSoweto:
Wakuu heshima kwenu. Nina banda la gemu hapa Mbeya, maeneo ya Soweto. TV nne, PS4 tatu na PS3 moja tunayoiita Bibi kwa sababu inawaka ikijisikia. Mechi ya mpira 500, jioni watoto wanajaa, Jumapili usipime. Nimejibana mwaka mzima nimefikisha milioni mbili na laki nne, lengo ni PS5 ya mtumba na TV kubwa kidogo.

Sasa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amerudi kutoka Dar na habari mpya. Kuna gemu ya simu, ili ucheze lazima ununue wahusika watatu. Hao wahusika ni NFT, yaani kila mmoja ana hati ya kidijitali ya umiliki, wanakuwa wako kabisa, ukichoka unawauza. Ukishinda unapata tokeni, yaani sarafu za mtandaoni za hiyo gemu, tokeni unazigeuza pesa. Mhusika mmoja laki tatu na nusu. Anataka nifungue akaunti mbili, wahusika sita, yaani milioni mbili na laki moja, halafu niwape vijana wasio na ajira wacheze asubuhi banda likiwa tupu. Anasema akaunti moja inaingiza elfu kumi kwa siku, kijana anachukua asilimia 40, mimi 60. Amenionyesha kwenye simu mhusika wake mmoja, jogoo mwenye miwani, chini yake bei. Eti hiyo ni mali kama kiwanja.

Kiwanja nakijua. Jogoo sijamwelewa. Mke yuko katikati, hataki kumvunja moyo kaka yake. Nisaidieni, hasa mliowahi kucheza hivi vitu. Matusi wekeni pembeni.

Kitimoto_Rost:
Jogoo wa laki tatu na nusu na huwezi kumchinja sikukuu? Endelea na Bibi mkuu.

fundi_seva:
Mkuu, mimi naandika programu, ndiyo inayonilisha, nikueleze kilichomo ndani. Hizo NFT zinaandikwa kwenye blokcheni, na blokcheni ni daftari. Daftari zuri tu, nakala zake ziko kwenye kompyuta nyingi, mtu mmoja hawezi kufuta mstari kimyakimya. Mstari wako utasema tokeni namba fulani, yaani jogoo wako, iko kwenye pochi fulani ya mtandaoni. Basi. Jogoo mwenyewe hayumo humo. Nguvu zake, uwanja anaopigania, sheria za nani kashinda, mara nyingi hata picha yake, vyote viko kwenye seva, yaani kompyuta kuu, za wenye gemu. Wakizima seva, au wakiamka siku moja wakaamua majogoo wa miwani wapunguzwe nguvu, daftari halikusaidii kitu.

Na limeshatokea. Kulikuwa na gemu ya magari, F1 Delta Time, yenye leseni halali ya Formula 1. Mwaka 2019 gari moja la humo liliuzwa zaidi ya dola 100,000. Leseni ikaisha bila kuongezwa, Machi 2022 gemu ikafungwa. Wenye magari walipewa vitu vya gemu nyingine kama kifuta jasho. Hati mkononi unayo, barabara ya kuendeshea hakuna. Shemeji akikuambia "kama kiwanja" mwambie kiwanja cha namna hiyo mwenye mtaa anaweza kukikunja akaondoka nacho.

Ila kwako hilo ni dogo. Kubwa ni hiyo elfu kumi: inatoka mfukoni mwa nani? Bandani kwako mtoto anatoa 500 kwa sababu anataka kumfunga mwenzake tano bila. Amecheka, ameondoka, hakudai chochote. Kwenye gemu ya shemeji hakuna aliyekuja kucheka, wote wamekuja kuvuna. Anayenunua tokeni yako leo ni yule anayetaka kuingia kesho. Wa kesho wakipungua, bei inalala.

Huo mtindo wa wahusika watatu na kugawana na vijana uliwika na Axie Infinity, gemu ya kampuni ya Vietnam. Wakati wa korona Wafilipino wengi waliifanya kazi, kuna waliolipia kodi ya nyumba. Katikati ya 2021 tokeni yake ya ushindi, SLP, ilivuka senti 30 za dola. Ndani ya mwaka mmoja ilikuwa chini ya senti moja. Kijana yuleyule, saa zilezile, vidole vilevile.

Piga hesabu na namba zake mwenyewe: akaunti mbili, elfu ishirini kwa siku, yako elfu kumi na mbili. Kurudisha mtaji tu ni siku 175, na bei isiteleze hata siku moja.

Fahali_Kariakoo:
Nyie ndio mliowaambia watu bitcoin ni utapeli ikiwa bei ya chee. Wapo waliotengeneza pesa 2021, nami nimo. Halafu mnasahau gemu za kawaida: unanunua vitu kila siku, akaunti ikifungiwa umepoteza vyote. NFT ipo kwenye pochi yako, hakuna wa kuigusa. Blokcheni haiibiwi.

fundi_seva:
Kuhusu akaunti kufungiwa una hoja, silipingi. Kuhusu kuibiwa, Machi 23, 2022 mtandao wa Ronin, ndio huohuo wa Axie, ulikombwa zaidi ya dola milioni 600. Funguo za kuidhinisha zilikuwa tisa, tano zilitosha, wezi wakapata tano. Wenyewe wakagundua tarehe 29, baada ya mteja kushindwa kutoa pesa zake. Siku sita! FBI ikasema ni kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Daftari halikukosea hata herufi moja, liliandika wizi wote vizuri sana.

Msela_wa_Mid:
Mimi mcheza gemu tu, kripto sijui. Kuuziana vitu vya ndani ya gemu mbona kupo zamani? Counter-Strike watu wanauziana rangi za bunduki tangu 2013 bila blokcheni yoyote. Na Valve wenye soko hilo ndio waliopiga marufuku gemu za blokcheni kwenye Steam, duka lao la gemu mtandaoni, mwaka 2021. Minecraft nao wakakataa NFT Julai 2022.

Kampuni ya gemu ya Ubisoft walijaribu Desemba 2021, wakaleta mpango wa Quartz kwenye gemu yao ya Ghost Recon Breakpoint, kofia za NFT zenye namba yake kila moja. Wachezaji wakazomea. Miezi minne baadaye wakatangaza hiyo gemu haipati tena maboresho. Kofia yenye namba inabaki ndani ya gemu iliyoachwa. Na ile hadithi ya kuhamisha kofia kwenda gemu nyingine sahau, huko nako lazima mtu akae aichore upya, na atafanya hivyo kwa faida ya nani?

DadaWaKisauni:
Salamu kutoka Mombasa. Nyote mwaongea kama wenye mtaji. Mimi nilikuwa huyo kijana wa kupewa akaunti, gemu nyingine, jina si muhimu. Mwenye akaunti alikuwa Nairobi. Saa tano mpaka sita kila siku, bando langu, simu yangu. Mwanzo nilipata za kununua unga na mafuta, nikasema alhamdulillahi. Bei iliposhuka, yeye akaongeza kiwango cha kila siku ili hesabu yake itimie. Siku sijafikisha, aniandikia ujumbe kana kwamba nimemwibia. Kidole gumba hiki cha kulia kilikuwa chakufa ganzi usiku. Na gemu yenyewe haikuwa na raha hata chembe, kubonyeza tu. Ningeambiwa nicheze bure ningekataa.

Kaka, hao vijana wako sasa waja bandani kwako kwa hiari. Ukiwafanya wafanyakazi wa jogoo, bei ikianguka mtatazamana vipi?

BandaLaSoweto:
Dada hapo umenigusa, wawili kati yao ni watoto wa jirani. Swali jingine: kisheria ikoje hapa kwetu?

Mhasibu_wa_Kati:
BoT, Benki Kuu yetu, ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu za mtandaoni si fedha halali nchini. Tangu Julai 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali. Usiniulize vinakaaje pamoja. Kwako maana yake ni moja: ukidhulumiwa, sioni ni dirisha gani utakwenda kugonga.

Fahali_Kariakoo:
Anza na mhusika mmoja tu basi, ujifunze.

fundi_seva:
Hawezi, mlango ni watatu. Mkuu, fanya jaribio rahisi. Mwambie shemeji auze jogoo wake mmoja leo, pesa iingie kwenye simu mbele yako.

BandaLaSoweto:
Mrejesho wakuu. Nilifanya hivyo Jumatano, kwa upole, mke akiwepo. Nikamwambia shem, pesa ya jogoo ikiingia M-Pesa, kesho yake naweka. Akacheka, akamtangaza kwa laki tatu na nusu. Usiku akashusha laki mbili na themanini. Alhamisi laki na nusu. Ijumaa ikaja ofa moja ya elfu arobaini na mbili, kabla ya makato ya gemu na ada ya mtandao. Akasema soko limepoa kwa sababu Wamarekani wamelala. Hapo ilikuwa saa tatu usiku wetu, kwao mchana kweupe.

Mke wangu ndiye aliyechukua simu akaangalia kwa muda mrefu, akamuuliza kaka yake, "Kwa hiyo ile bei iliyoandikwa ni unayoomba, siyo unayopewa?" Shem hakujibu. Baadaye kwenye chai akaniambia yeye mwenyewe ameweka milioni moja na nusu ya mkopo, na alitakiwa alete watu wawili. Sijamlaumu. Jumamosi alikaa bandani akanisaidia kupokea hela, tukamaliza na elfu thelathini na nane, umeme ulikatika kwa saa mbili tu.

Jogoo bado yuko sokoni mpaka naandika hivi.

Kuna mwenye PS5 ya mtumba ya diski, Mbeya au Iringa? Na pedi mbili za PS4 ambazo mchezaji hatembei mwenyewe bila kuguswa. Njoo PM.