Jibu: Mfumuko wa bei Ulaya, tuhamie nchi gani?

Wapendwa, habari za jioni. Mkataba wangu hapa Rotterdam, Uholanzi, unakaribia kuisha na nimepata kazi mbili, moja Antwerpen, Ubelgiji, nyingine Zürich, Uswisi. Mume wangu kashika jedwali la mfumuko wa bei wa mwaka, anasema twende Uswisi, maana hata 2022 Ulaya ilipowaka moto wao waliishia asilimia 3.5. Nanyi huwa mnachagua nchi hivyo?

———

Dada, mwambie shemeji aliweke hilo jedwali pembeni kidogo. Asilimia hiyo inaonyesha bei zimepanda kiasi gani tangu mwezi kama huo mwaka jana. Haionyeshi zilikuwa wapi kabla ya kupanda, na Zürich zilikuwa juu tangu zamani. Kilo ya nyama pale utainunua kwa dua.

Halafu angalia huko huko uliko. Septemba 2022, kwa kipimo cha pamoja cha Ulaya, Uholanzi ilifika asilimia 17, Ufaransa 6 na ushee. Wafaransa hawakuwa na muujiza wowote: serikali yao ilizuia bei ya gesi majumbani na umeme ukaruhusiwa kupanda asilimia 4 tu mwaka ule. Uholanzi nako takwimu zilihesabu gesi na umeme kwa bei za mikataba mipya pekee, mpaka walipobadili utaratibu Juni 2023. Mwenye mkataba wa miaka mitatu alikuwa bado analipa bei ya zamani, jirani yake wa ghorofa hiyo hiyo anakamuliwa, na wote wawili wameandikiwa 17. Oktoba 2023 kipimo hicho hicho kikasoma hasi 1. Kuna aliyerudishiwa chenji dukani? Bei zilibaki huko huko juu, ila zilikuwa zinalinganishwa na Oktoba 2022, bei zilipokuwa zimeshapaa.

Mimi ningeuliza mshahara unafuataje. Ubelgiji unapandishwa kisheria au kwa makubaliano ya sekta, kufuata fahirisi ya bei. Januari 2023 watu wengi wa ofisini, wale wa kamati ya 200 (kamati ya pamoja ya waajiri na wafanyakazi ya sekta yao), waliongezwa zaidi ya asilimia 11 bila kumbembeleza bosi. Kodi inameza sehemu yake, sawa, lakini Ujerumani wenzetu walikuwa wanasubiri chama cha wafanyakazi kigome kwanza.

———

Naongezea nikiwa Winterthur, hapa Uswisi. Bima ya afya ya lazima huku kila mtu anajilipia, na watoto wana bili zao. Malipo hayo ya mwezi HAYAMO kwenye kapu la bidhaa na huduma linalopimia mfumuko wa bei wa Uswisi. Kwa mwaka 2024 yalipanda wastani wa asilimia 8.7, na jedwali la kaka halikutikisika. Mshahara wa huku ni mnono, sikatai, ila toa bima na pango kwanza ndipo ulinganishe.

———

Asanteni sana. Nimewauliza Antwerpen: ni kamati ya 200, nyongeza inaingia Januari. Shemeji yenu yuko kwenye tovuti za bima anajumlisha watu wanne, simsikii. Watoto Kiholanzi wanakijua tayari, na Antwerpen ndicho kinachosemwa. Mwenye kujua mitaa ya Antwerpen ambayo pango lake halijapaa aniandikie, tafadhali, vyumba vitatu.