Mmebabua midomo ya mama yangu mkaita "kurudisha ujana". Nataka majibu

Wakuu habari za jioni. Huwa napita tu humu nasoma na kuondoka. Leo nimefungua uzi kwa sababu nina hasira na sina pa kuipeleka. Mods naomba msiuhamishie jukwaa la urembo, maana ninachoeleza hapa hakina urembo wowote.

Mama yangu ana miaka 71, yuko Makambako, analima viazi na njegere. Mpaka mwaka jana mwezi wa tano alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri, anawasha moto mwenyewe, anakunywa chai ya rangi yenye tangawizi ya moto kiasi kwamba sisi wengine kikombe tu hatukishiki. Mwezi wa nane nilienda likizo nikamkuta anakunywa chai hiyo hiyo imeshapoa, kwa mrija. Mrija wa juisi za watoto. Ameubana kwenye pembe ya mdomo, upande ambao ulikuwa na nafuu, na kila akimeza anafumba macho. Mdomo wa chini umebabuka wote, ngozi imejiinua kama ganda la kitunguu, chini yake pana wekundu wa nyama mbichi. Kwenye mashavu mishipa inaonekana kama mtu kachora kwa kalamu nyekundu.

Nikamuuliza, mama, umepaka nini? Akanyamaza. Huyu ni mama aliyenichapa mpaka nikiwa kidato cha pili, hajawahi kuniogopa. Siku hiyo alitazama chini kama mtoto aliyevunja sahani.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya kule mnaijua, upepo mkavu, vumbi, na midomo ya mama hupasuka kila mwaka. Akamlalamikia mdogo wangu aliyeko Dar kwenye simu. Mdogo wangu kwa mapenzi mema kabisa akaona tangazo mtandaoni la duka moja la vipodozi Kariakoo: seti ya kurudisha ujana kwa akina mama wa miaka 45 na kuendelea, inaondoa mikunjo, inafuta madoa ya uzee, inalainisha midomo na kuifanya ya pinki ndani ya siku saba. Shilingi 85,000. Akalipa kwa simu, mzigo ukapandishwa basi.

Ndani ya seti kulikuwa na sabuni, kichupa cha mafuta ya midomo, kopo jeupe la krimu lisilo na lebo yoyote (baadaye nimeambiwa krimu hizo zinachotwa kwenye ndoo pale pale dukani), na tyubu ndogo ya kuchanganyia kwenye kopo. Maelekezo yaliandikwa kwa peni kwenye kipande cha boksi: asubuhi na jioni, uso, shingo, mikono na midomo.

Wiki ya kwanza ilikuwa sherehe. Hapa ndipo panaponiuma zaidi. Mama aling'aa. Akina mama wa jumuiya wakamzunguka, mama fulani umekula nini, tupe siri. Mama akawapa namba ya duka. Watatu wakaagiza. Mpaka leo hawezi kupita mbele ya nyumba zao bila kuinamisha kichwa, anaona yeye ndiye aliyewauzia.

Wiki ya tano alikuwa anapanga kuni, kijiti kikamkwaruza mkononi. Mkwaruzo wa kawaida kabisa wa maisha yake yote. Ngozi ilichanika kama karatasi iliyolowa, na kidonda kilikaa zaidi ya mwezi. Wakati huo huo kliniki ya sukari wanamuuliza mbona sukari yako imepanda, umeacha dawa? Hajaacha. Chakula ni kile kile. Akaongezewa dozi. Hakuna aliyeuliza habari ya krimu, na yeye hakuona kama inahusiana.

Nikamchukua mama na vitu vyote nikavifunga kwenye kitenge, tukaenda hospitali. Daktari kijana, akamwamkia shikamoo, akamshika mkono akaugeuza dirishani penye mwanga. Akabana ngozi kidogo kwa vidole viwili, akaiachia. Ilibaki imesimama. Halafu akachukua ile tyubu, akanionyesha maandishi madogo ya pembeni: clobetasol propionate 0.05%. Akaniuliza, mwalimu, unajua hii ni dawa ya nini?

Sikujua. Sasa najua, na nataka kila mwenye mama ajue. Ni steroidi ya kupaka, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, katika zile kali kuliko zote. Kazi yake halali ni magonjwa kama ukurutu sugu na soriasisi (ugonjwa wa ngozi kuota magamba), kwa maelekezo ya daktari, kwa kawaida isizidi wiki mbili mfululizo, na usoni haipakwi hovyo. Inang'arisha kwa sababu inabana mishipa ya damu na kuzuia ngozi isifanye kazi yake. Ukiendelea, inakondesha ngozi. Sasa fikiria ngozi ya mtu wa miaka 71 ambayo tayari imekonda kwa umri, unaikondesha tena asubuhi na jioni. Na inapenya mpaka kwenye damu, hasa ukipaka eneo kubwa kwa muda mrefu. Ndiyo maana kwa mgonjwa wa sukari inaweza kuipandisha. Mama yangu aliongezewa dozi ya dawa ya sukari kwa sababu ya krimu ya urembo!

Daktari akasema pia tusiiache ghafla, uso ungewaka moto zaidi. Akamwandikia steroidi nyepesi zaidi ya kushuka nayo taratibu. Zile wiki za kushuka sitaki hata kuzikumbuka.

Nikapiga simu dukani. Dada akapokea kwa sauti tamu, "karibu mamii". Nikaeleza. Akasema, "Dada yangu tulia, hiyo ni sumu inatoka mwilini, ngozi inajisafisha, mwambie mama aongeze kupaka." AONGEZE. Nikamwambia daktari amesoma tyubu. Akasema labda mama ana mzio, wateja wengine wote wanashukuru. Nikaomba risiti, akasema mtandaoni hawatoi risiti. Nikauliza kwenye kopo kuna nini, akakata. Nikapiga tena, nimeblokiwa. Tangazo bado lipo mpaka naandika hapa, na chini yake watu wanaweka makopa na kuuliza "bei mamii".

Sasa niwaulize ninyi mnaouza hizi seti, maana najua mpo humu na mnasoma. Nani aliwaambia mdomo wa mama wa miaka 71 unatakiwa uwe wa pinki? Mama yangu alizaliwa na midomo ya kahawia iliyokolea, baba aliipenda hivyo hivyo, watoto sita tumebusiwa na midomo hiyo. Yeye alilalamikia kupasuka. Alitaka dawa ya midomo mikavu, ninyi mkamuuzia aibu ya rangi yake na aibu ya umri wake kwenye boksi moja, mkachukua 85,000.

Na msiniambie hamjui. Zebaki na haidrokwinoni (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu miaka mingi. Zebaki inaharibu figo. Haidrokwinoni ukiipaka miaka inaweza kugeuza uso ukawa mweusi wa bluu wa mabaka ambao kuutoa ni kazi ngumu sana, na tunawaona mama zetu sokoni wenye mashavu hayo na vidole vyenye sugu nyeusi, wanajifunika mtandio. Afrika Kusini ilipiga marufuku krimu za kujichubua tangu 1990. Mkataba wa Minamata, ule wa dunia kuhusu zebaki, ulianza kwa kuzuia vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 pale Geneva nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata huo mwanya. Sheria zipo. Vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, ilipogawanywa kazi ya iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Lakini kopo lisilo na lebo, linalochotwa kwenye ndoo na kutumwa kwa basi usiku, mkaguzi atalikuta wapi kama sisi tulionunua tunanyamaza kwa aibu?

Hasira yangu nyingine iwaendee wanaotoa elimu ya bure mtandaoni. Sugua midomo kwa mswaki na dawa ya meno. Paka limao na sukari. Jamani, midomo haina tezi za mafuta kama ngozi nyingine, na ngozi yake ni nyembamba sana. Hiyo unayoisugua ndiyo kinga pekee iliyonayo. Limao nalo ukilipaka ukatoka juani, linaweza kukuunguza likaacha weusi kuliko ule uliokuwa unaukimbia.

Kilichomponya mama sitaki mtu aniulize inbox, nakiandika hapa wazi. Mafuta ya mgando. Yale meupe yasiyo na harufu, kopo la shilingi elfu tatu. Daktari alisema yasiwe na manukato wala mentholi, maana ule ubaridi mtamu unaousikia mdomoni unauchokoza mdomo uliopasuka. Anapaka kabla ya kula, baada ya kula, na kabla ya kulala anapaka mengi. Mafuta ya mgando hayaleti maji kwenye ngozi, yanazuia yaliyomo yasitoke, kwa hiyo anapaka mdomo ukiwa bado na unyevu. Na aache kulamba. Hilo lilikuwa gumu kuliko dawa zote, kwa sababu mdomo ukikauka ulimi unakwenda wenyewe, mate yakikauka yanaondoka na unyevu uliobaki, halafu unalamba tena. Mjukuu wake wa miaka saba ndiye alikuwa mlinzi: "Bibi, umelamba!"

Pembe za mdomo zilikuwa na kidonda chake peke yake. Hapo daktari alikuta fangasi, akasema ni kawaida kwa watu wazima waliopoteza meno ya nyuma, mdomo unakunjika pembeni na mate yanatuama, na sukari inazidisha. Alipewa krimu ya fangasi, zikapona ndani ya wiki mbili. Miezi yote ile mama aliamini ni baridi tu.

Ngozi ya mwili ni hivyo hivyo. Tukizeeka tezi za mafuta zinapunguza kazi, kwa mwanamke aliyekoma hedhi mabadiliko yanakuja kwa kasi, ngozi inakonda na kuwasha. Mama alikuwa anaoga maji ya moto sana na dodoki gumu na sabuni ya kufulia, kama tulivyolelewa wote. Sasa anaoga maji ya uvuguvugu, sabuni laini na tena kwapani na sehemu zinazochafuka tu, anajikausha kwa kugusagusa, anapaka mafuta mwili ukiwa mbichi. Kuwashwa usiku kumekwisha. Shambani kofia pana, maana jua linazeesha hata ngozi nyeusi, na mdomo wa chini ndio unaolitazama jua siku nzima. Daktari alinisisitizia kidonda cha mdomo kisichopona ndani ya wiki tatu kiende hospitali, kisipakwe kitu nyumbani, kwa sababu saratani ya mdomo huweza kuanza hivyo, na ndugu zetu wenye ualbino wako hatarini kuliko wote.

Haya yote yanaweza kusemwa kwa dakika tano. Mama ana miaka mingi anahudhuria kliniki kila mwezi, na hakuna siku mtu alimwambia. Wataalamu tunao: Moshi pale hospitali ya KCMC wanafundisha madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na mafuta ya kukinga jua ya watu wenye ualbino yanatengenezwa mji huo huo. Maarifa yapo humu humu nchini, lakini kinachomfikia mama yangu kijijini ni tangazo la mamii.

Kama mama yako au shangazi yako ameanza kung'aa ghafla, nenda kaangalie chumbani kwake. Usimfokee, mimi nilifoka siku ya kwanza na ninajuta. Angalia tyubu. Ukiona clobetasol au betamethasone au hydroquinone au mercury au calomel (zote mbili ni zebaki), au kopo halina lebo kabisa, mpeleke kwa daktari nacho mkononi, na kama ni clobetasol au betamethasone asiache ghafla bila ushauri.

Mama sasa anaendelea vizuri. Mdomo umefunga, umebaki na alama nyeupe upande wa kushoto. Chai ya moto bado hawezi, anaisubiri ipoe. Wale akina mama watatu wa jumuiya niliwafuata mmoja mmoja: wawili wamenipa makopo yao, wa tatu amekataa kufungua mlango, anasema nina wivu.

Makopo matatu, tyubu, kile kipande cha boksi chenye maelekezo ya peni, na ujumbe wa muamala wa 85,000 nimeviweka kwenye bahasha moja. Jumatatu nimeomba ruhusa shuleni, nakwenda navyo TBS. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya kipodozi aniambie hapa chini alianzia dirisha gani na alitakiwa kuwa na nini, nisije nikarudishwa kwa kukosa karatasi.