Nani asimame mahakamani kwa mtoto au kwa mtu asiye na akili timamu? Tulinganishe njia zilizopo

MwanaChumbageni (mwanzisha mada)

Wanajamvi, habari za jioni. Mashauri mengi ya watoto na ya wagonjwa wa akili yanakwama kabla hata ya ushahidi kusikilizwa, na kosa ni lile lile: aliyesimama mbele ya hakimu hakuwa na mamlaka ya kusimama. Upande wa pili unatoa pingamizi la awali, shauri linafutwa, mwenye haki anaanza upya na kulipia upya. Inauma, kwa sababu ni kosa linaloepukika.

Tushike mfano mmoja tusitawanyike. Nyumba iko Ngamiani, hapa Tanga, Tanzania, hati ina jina la baba ambaye amefariki. Ameacha mjane, watoto wawili wa miaka 9 na 15, na mama yake mzazi ambaye kumbukumbu zimemtoka. Jirani amejenga ukuta akamega mita mbili za kiwanja.

Swali la kwanza kwangu ni hili: mamlaka yanatoka wapi? Hati ya uwakilishi (power of attorney, yaani hati ya kumpa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yako) inatoka kwa mtu mwenyewe, kwa hiyo siku anapotia saini lazima awe na miaka 18 na akili timamu. Mtoto hawezi kuitoa. Bibi wa mfano wetu naye hawezi, hata akishikwa mkono akaweka dole gumba mbele ya wakili. Kwa hawa wawili mamlaka yanatoka kwenye sheria au kwa mahakama, na njia zenyewe ni hizi.

Rafiki wa karibu ni mtu mzima anayefungua shauri kwa niaba ya mtoto anayedai. Mlezi wa shauri ni kwa mtoto anayedaiwa, na huyu lazima ateuliwe kwa amri ya mahakama. Wote wawili wamo kwenye Amri ya 31 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33. Msimamizi wa mirathi anasimamia mali ya marehemu, hasimami kwa niaba ya mtoto wala mjane.

Kwa ukuta wa Ngamiani, mimi nasema ni msimamizi wa mirathi tu. Mali bado iko kwa marehemu. Watoto hawana cha kudai kwa jina lao mpaka wagawiwe.

---

Binti_Pongwe

Ahsante kaka. Lakini mjane ndiye mama wa hao watoto na anakaa humo humo ndani. Kwa nini asifungue tu kwa jina lake? Na je, lazima aende mahakamani mara mbili, mirathi kwanza halafu ukuta?

---

KaraniMstaafu

Dada Binti_Pongwe, ndiyo, mirathi kwanza. Akifungua kwa jina lake, swali la kwanza atakaloulizwa ni "kiwanja ni chako?" Hati inasema ni cha mumewe. Umama haumpi umiliki wa mali ya marehemu.

Kama mirathi inafuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, Mahakama ya Mwanzo inatosha. Beba cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia uliotiwa saini na waliohudhuria, na Fomu Na. 1, ya kuomba usimamizi. Kwenye muhtasari andikeni warithi wote pamoja na umri wa watoto. Watu wanawaruka watoto wakidhani hawahesabiki, na hapo ndipo amri ya usimamizi inapokuja kubatilishwa baadaye. Akishateuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali kwa Fomu Na. 5 na hesabu kwa Fomu Na. 6, isipokuwa mahakama imwongezee muda.

Ukuta wenyewe ni mgogoro wa ardhi, hauendi Mahakama ya Mwanzo. Unaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Siku 30 zikipita bila mwafaka, au Baraza likithibitisha kuwa limeshindwa, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msimamizi aende kwenye usuluhishi na nakala ya uteuzi wake mkononi.

Sasa niseme la kichwa cha hati ya madai, yaani pale juu panapotaja majina ya wahusika, maana hapo nimeona makosa kuliko mahali pengine popote. Mali ikishagawiwa na fungu likawa la mtoto, mdai ni MTOTO. Kichwa kisomeke hivi:

*AB (mwenye umri chini ya miaka 18), kupitia rafiki yake wa karibu CD — MDAI*

Kisisomeke "CD, mama mzazi wa AB". Kwenye aya ya kwanza eleza CD ni nani kwa mtoto na kwamba ni mtu mzima mwenye akili timamu. Ambatanisha cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kama cheti hakipo, anzeni kukifuatilia kabla ya kufungua.

---

Wakili_Raskazone

Mzee Karani, shikamoo. Nikazie hapo. Mtoto akifungua bila rafiki wa karibu, mdaiwa anaweza kuomba hati ya madai iondolewe kwenye jalada, na gharama akalipishwa wakili au mtu aliyeiwasilisha. Kwa mtoto anayedaiwa ni hatari zaidi: amri iliyotolewa dhidi yake bila mlezi wa shauri inaweza kutenguliwa. Kwa hiyo hata wewe unayemdai mtoto, usifurahie kwamba hana mtu. Omba mwenyewe ateuliwe mlezi, la sivyo ushindi wako unajengwa kwenye mchanga.

Maombi hayo yanaambatana na hati ya kiapo yenye mambo mawili: anayependekezwa hana maslahi yanayogongana na ya mtoto katika shauri hilo, na anafaa kwa kazi hiyo. Hateuliwi bila ridhaa yake. Familia nyingi zinamweka baba mdogo kwa sababu ndiye mkubwa wa ukoo. Lakini kama baba mdogo naye anadai sehemu ya nyumba ile ile, hafai, na akigundulika katikati ya shauri ataondolewa. Pasipokuwa na mtu anayefaa, mahakama inaweza kumteua ofisa wake na kuelekeza gharama zilipweje.

Kosa jingine ni maelewano ya nje. Rafiki wa karibu au mlezi wa shauri hana ruhusa ya kumaliza shauri kwa makubaliano bila idhini ya mahakama, idhini iliyoandikwa wazi kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za shauri. Makubaliano yasiyo na idhini hiyo yanaweza kutenguliwa kwa ajili ya mtoto, lakini mtu mzima mliyekubaliana naye hawezi kuyakimbia. Vivyo hivyo fedha: mtoto akishinda fidia, rafiki wa karibu haruhusiwi kuipokea bila idhini, na mahakama inaweza kumtaka aweke dhamana. Naipenda sana kanuni hii. Inalinda fedha ya mtoto dhidi ya watu wake mwenyewe.

---

Mkwaju_Pangani

Turudi kwa bibi. Tuseme miaka mitano iliyopita, akiwa na akili zake, alimpa mwanawe hati ya uwakilishi na ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Si bado inafanya kazi?

---

Wakili_Raskazone

Hapana kaka. Uwakala unakoma aliyeutoa akipoteza akili timamu, hata hati iwe na mihuri yote. Hati ya uwakilishi inamfaa mzee aliyechoka mwili, asiyeweza kupanda ngazi za mahakama au anayeishi mbali, lakini anajua anachokitia saini. Na hata hapo kichwa cha shauri kinabeba jina la mzee, kupitia mwenye hati. Pia mwenye hati hawezi kutoa ushahidi wa mambo anayoyajua mzee peke yake.

Kwa bibi kuna njia mbili. Ya kwanza ni ndani ya shauri lililopo: Amri ya 31 inawahusu pia wasio na akili timamu, pamoja na yule ambaye hajawahi kutangazwa hivyo ila mahakama imechunguza na kuona hawezi kulinda maslahi yake. Angalia neno "imechunguza". Karatasi ya daktari wa hospitali ya Bombo au ya wagonjwa wa akili Lutindi kule Korogwe ni ushahidi mzuri, lakini haitoshi kubandikwa kwenye jalada. Hakimu anatakiwa afanye uchunguzi, pengine amuone bibi mwenyewe au amsikie daktari, kisha aandike alichokiona. Omba uchunguzi huo mapema, kabla ya utetezi kuwasilishwa.

Ya pili ni kuomba meneja wa mali chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Hii ni ndefu zaidi, ila inafaa pale mgonjwa ana mali inayohitaji kusimamiwa kila mwezi: kodi ya nyumba, pensheni, akaunti benki. Kwa shauri moja tu linalomhusu bibi, njia ya kwanza inatosha.

---

Ustawi_Korogwe

Mmesema madai tu. Kwenye jinai mambo ni tofauti kabisa, na wazazi wengi wanachanganya.

Mtoto chini ya miaka 10 hana hatia ya jinai. Kati ya 10 na 12, lazima ithibitishwe kwamba alijua kosa analolitenda. Akishitakiwa, mashtaka yasiyo ya mauaji husikilizwa na Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009: faragha, afisa ustawi wa jamii yupo, mzazi au mlezi yupo, na ana haki ya wakili. Mzazi hachukui nafasi ya wakili. Yuko pale kumpa mtoto utulivu na kusaidia mahakama imwelewe. Dhamana ikishindikana, mtoto anapelekwa mahabusu ya watoto, na Tanga tunayo. Akikutwa amechanganywa na watu wazima, mwambieni hakimu siku hiyo hiyo.

Mtu mzima anayeonekana hawezi kujitetea kwa ugonjwa wa akili hateuliwi rafiki wa karibu. Mahakama ndiyo inayochunguza, na inaweza kuamuru apelekwe taasisi ya wagonjwa wa akili ya Isanga, Dodoma, kwa uchunguzi wa kitabibu. Ndugu wapeleke kumbukumbu za matibabu za nyuma, hasa kadi za kliniki zenye tarehe, maana daktari wa huko hajawahi kumuona.

---

Binti_Pongwe

Na wale wasaidizi wa kisheria wa kata, wanaweza kumsimamia mtoto?

---

Ustawi_Korogwe

Watakusaidia kuandaa nyaraka na kukuelekeza, bila malipo. Hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama wawakilishi, hata wawe wazoefu kiasi gani. Kama hamna uwezo wa wakili, pelekeni maombi kwa shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kwenye jinai, hakimu mwenyewe anaweza kuthibitisha kwamba mshitakiwa anahitaji msaada huo.

---

KaraniMstaafu

Niongeze la yule wa miaka 15. Shauri likichukua miaka mitatu, atafika 18 katikati. Hapo anachagua mwenyewe kuendelea au kuacha. Akiendelea, anaomba amri ya kumwondoa rafiki wa karibu na kichwa kinabadilika: "AB, aliyekuwa mtoto, kupitia CD rafiki yake wa karibu, na sasa amefikia utu uzima." Andikeni tarehe yake ya kuzaliwa kwenye jalada lenu la nyumbani tangu siku ya kwanza.

Na mnapotaja vifungu kwenye maombi, tazameni Toleo la 2023 la sheria zetu, lililoanza kutumika Julai 2025. Baadhi ya namba zimehama.