Pop ya Kiajemi: wimbo wa Shur unageuka wa sherehe, nirekebishe nini?

FundiKinanda: Wakuu, napanga ala za wimbo wa pop ya Kiajemi. Mahadhi ni Shur, moja ya mahadhi ya jadi ya Kiajemi, unaanzia D, mapigo 6/8, maneno ya kutengana. Kordi zinagombana na mwimbaji, na ngoma zikiingia tu, majonzi yanapotea.

RoboToni: Anza na kordi. Noti ya pili ya Shur hapo si E wala E flati, ni E koron, iliyo kati yao. A maina na C meja zote zina E kamili ndani, lazima zigongane na sauti. Baki na D maina, F meja, G maina na B flati meja. Hizo hazina E hata moja. Kwenye kinanda shusha E kwa senti 50 (nusu ya nusu-toni), halafu isogeze kwa sikio, maana waimbaji hawaiweki wote mahali pamoja.

Tena angalia programu ya kunyoosha sauti. Ikifuata noti 12 za kawaida, itaivuta koron hadi E au E flati, na uchungu wa Shur umekaa kwenye koron hiyo. Kuzifuta hizo mbili kwenye orodha yake hakusaidii, itaikokota hadi D au F. Izime kila noti hiyo inapoimbwa.

MkonoWaTombak: 6/8 haina kosa, mkuu. Pop ya Kiajemi hulia huku ikicheza. Kosa ni kujaza. Besi ikigonga zote sita, mwimbaji anafunikwa. Iweke kwenye 1 na 4. Ubeti uachie tombak, ngoma ya mkono ya Kiajemi, peke yake, pigo zito katikati ya ngozi, jepesi ukingoni. Ngoma za elektroni zingoje kiitikio.

Vokali: Tahrir, mruko wa sauti wa Kiajemi, nayo ipewe nafasi. Neno liishe kwanza, ndipo sauti irukeruke kati ya kifua na kichwa juu ya vokali ndefu, "aa" hasa. Wakati huo fidla zishike noti moja, zisimjibu. Msikilize Hayedeh, mwimbaji wa Iran. Ukiiweka kila mstari inakuwa pambo tu.

RoboToni: Kama unataka kordi nyingi za okestra, hamia Esfahan, mahadhi mengine ya Kiajemi. Ile ya kisasa iko karibu sana na maina ya hamoniki, kwa hiyo ukianzia D, A meja inaingia bila ugomvi. Ila huzuni yake ni laini zaidi; kwa maneno ya kutengana, mimi ningebaki na Shur.