Pikipiki za umeme Arusha: betri hakuna, marejesho wanadai kila siku

Wakuu, nina hasira, mtanivumilia.

Hizi pikipiki za umeme tunazokopeshwa hapa Chuga kwa marejesho ya kila siku, nani alizikagua kabla hatujasainishwa mikataba? Tuliambiwa petroli tusahau: chaji ikiisha unapita kituoni, unaacha betri iliyokwisha, unapewa iliyojaa, unasepa. Na umeme ukiwepo ndivyo ilivyo. Kwa gharama inaishinda petroli mbali, hilo siwanyimi.

Sasa umeme ukatike. Kituo hakina jenereta wala sola. Boda tumepanga foleni, betri zote ziko chini, kijana wa pale anatuambia tusubiri urudi. Abiria wa asubuhi, ambao ndio wenye hela, wamebebwa na wenye petroli. Jioni meseji inaingia: marejesho ya leo hayajaonekana. Ukichelewa wanakuzimia pikipiki kwa mtandao popote ulipo. Mwenzetu walimzimia pale mtaa wa Sakina akiwa na abiria, mvua inanyesha. Abiria alishuka bila kulipa, na simlaumu.

Na msiniambie nchi haina umeme. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, mashine tisa. Ila liko Rufiji, sisi tuko mwisho wa waya. Machi 2025 Rais mwenyewe, akiwa Kilimanjaro, alisema umeme unaosafirishwa kuja Kaskazini unapotea njiani, hasara ya kama bilioni 32 kwa mwaka, ndiyo maana serikali inataka kununua wa Ethiopia kupitia Kenya. Kwa hiyo tatizo halikuwa siri. Aliyekuja kuuza pikipiki za umeme huku alitakiwa kulijua kabla yetu, aweke betri za akiba na sola ndipo aanze kugawa mikataba.

Halafu zile kilomita wanazotangaza ni za tambarare. Panda Ilboru na abiria na kiroba cha mahindi uone chaji inavyoshuka. Petroli nayo inaliwa mlimani, lakini sheli zipo kila kona.

Ninachotaka ni kimoja: siku kituo kikikosa betri, marejesho ya siku hiyo yasimame. Nimeupitia mkataba wote. Mimi kuchelewa kuna faini, wao kukosa betri hakuna hata mstari.

Kuna aliyewahi kupeleka mkataba wa namna hii Tume ya Ushindani, au kwa wakili? Aje aseme alijibiwa nini. Wa "rudi kwenye petroli" pita kushoto, deni bado ninalo.