Mfumo wa SACCOS: tujisajili AWS, tuchukue kampuni ya Dar, au seva yetu ofisini? Tulinganishe mikataba

Mwana_Ujiji (Kigoma)

Wakuu, heshima kwenu.

SACCOS yetu ipo hapa Kigoma Mjini, wanachama wengi ni walimu na wafanyabiashara wa dagaa na mawese. Tunahamisha mfumo wa akiba na mikopo kutoka kwenye kompyuta ya kaunta, na bodi imenipa kazi ya kuandika mapendekezo. Bei ninazo tayari. Kinachonisumbua ni mikataba.

Chaguo la kwanza ni kujisajili wenyewe AWS (huduma ya klaudi ya Amazon, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti), seva ziwe Cape Town. Mkataba wake ni wa kubofya unakubali basi, hakuna wa kubishana naye.

La pili ni kampuni ya Dar inayouza huduma za klaudi. Mkataba kurasa tisa, wanasema uko wazi kwa majadiliano, watakuja Kigoma kufundisha watumishi, wanaahidi mfumo kuwa hewani 99.9%. Muda ni miaka 3, bei kwa dola.

La tatu ni kununua seva yetu, iwekwe chumba cha nyuma na sola na betri, bakapu (nakala ya akiba ya data) iende klaudi kila usiku. Mwenyekiti wetu analipenda hili kwa sababu mashine anaiona kwa macho.

Nawasilisha.

Fundi_Isevya (Tabora)

Mkuu, hiyo 99.9% isikubabaishe. Kwa mwezi wa siku 30 maana yake wanaruhusiwa kuzimika kama dakika 43. Sasa nenda kwenye tafsiri ya maneno, uone wanachokiita kuzimika. Mara nyingi matengenezo waliyoyatangaza hayahesabiwi, hitilafu ya mtandao nje ya jengo lao haihesabiwi, na anayepima ni wao wenyewe.

Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, nchi nzima tulikaa tunaangalia kiduara kinazunguka. Seva za Cape Town zilikuwa zima kabisa, sisi ndio hatukuzifikia. Katika chaguo lako la kwanza na la pili hakuna anayekulipa kwa siku kama ile. Kwa hiyo muulize mtoa mfumo kama kaunta inaweza kuendelea kupokea marejesho bila mtandao halafu ikaoanisha baadaye. Hilo linakusaidia kuliko tisa ngapi baada ya nukta.

Na fidia yenyewe ni punguzo la ankara. Seva za AWS zikishuka chini ya 99.99% kwa mwezi lakini zisifike chini ya 99%, unapewa 10%. Kama ankara yako ni dola 80, hiyo ni dola 8, tena mpaka uombe mwenyewe kwa utaratibu wao. Usipoomba, imepita.

Mhasibu_Kasulu

Umesema bei unazo. Una uhakika ni bei kamili? Ada ya huduma unayomlipa asiye mkazi ina kodi ya zuio 15%, yaani kodi unayoikata kwenye malipo yake na kuipeleka TRA. Mikataba ya makampuni ya nje karibu yote inasema malipo yafike bila makato yoyote. Maana yake kodi unaibeba wewe: ili dola 100 ifike nzima, gharama yako inakuwa dola 117.65. Bado VAT. Kwa kampuni ya Dar zuio ni 5% na linatoka kwenye pesa yao.

Halafu hao wa Dar wanaandikaje bei kwa dola? Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kutangaza na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Waambie waandike shilingi, na usikubali kale kasentensi ka "kwa kiwango cha ubadilishaji cha siku ya malipo", maana ni dola ileile imevaa kanzu.

Mwana_Ujiji

Mhasibu, hilo la 15% halikuwemo kwenye jedwali langu kabisa. Asante sana.

Wakili_Unyanyembe (Tabora)

Habari za humu. Nisogeze mazungumzo kwenye sheria, kwa kuwa naona watu wanalinganisha mitambo.

SACCOS haikodi seva tu, inamkabidhi mtu mwingine taarifa za wanachama wake. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ninyi ni mkusanyaji (mwenye dhamana ya taarifa), yeye ni mchakataji (anayezishughulikia kwa niaba yenu). Miamala ya fedha ya mtu imetajwa humo miongoni mwa taarifa nyeti. Mwanachama akikuta deni lake linasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, atakayeitwa kwanza kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni SACCOS, hata kama mlango ulioachwa wazi ni wa kampuni ya Dar. Kwa hiyo mjisajili Tume, na mkataba wa maandishi na mchakataji uwepo, useme anafanya nini na taarifa, nani ndani ya kampuni anaziona, na mkidukuliwa anawaambia ndani ya saa ngapi. Neno "haraka iwezekanavyo" lifuteni. Andikeni saa.

Kuhusu Cape Town: kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake na kibali cha Tume. Haina maana kwamba haiwezekani, ila iwe kwenye mpango wenu tangu mwanzo. Na msidhani kampuni ya Dar inawaepusha na hili. Waulizeni kwa maandishi seva ziko mji gani, na bakapu ziko mji gani. Wengi wanaouza huduma Dar wanauza nafasi ya Johannesburg au Ireland, na si kosa, mradi mjue na wasihamishe bila idhini yenu.

Mahali pa kushtakiana nako kutazamwe. Masharti ya AWS kwa mteja wa Afrika aliye nje ya Afrika Kusini yanakukutanisha na kampuni yao ya Luxembourg. Mtu wa Kigoma mwenye madai ya milioni nne hawezi kwenda Luxembourg, na hata akienda, ukomo wa dhima, yaani fidia ya juu kabisa wanayoweza kudaiwa, ni kiasi alicholipia huduma husika katika miezi 12 iliyotangulia. Kwa kampuni ya Dar andikeni sheria ya Tanzania na mahakama za Tanzania. Wakitaka usuluhishi, sawa, lakini muulize ada ya msuluhishi kwanza, nimeona inazidi madai yenyewe.

Fundi_Isevya

Dada wakili kamaliza kwenye sheria, mimi niongeze kitu kimoja ambacho nakiona kila mara na ndicho kitakuumiza: akaunti iko kwa jina la nani?

Kampuni nyingi ndogo zinafungua akaunti moja kwa mtoa huduma mkubwa, wanawapanga wateja wote humo kama wapangaji wa chumba kimoja kimoja. Kuna mfanyabiashara wa asali hapa Tabora, mfumo wake wa oda ulizimwa wakati yeye hadaiwi hata senti. Aliyekuwa anadaiwa ni kampuni iliyomuuzia. Alipompigia mtoa huduma mkubwa akaambiwa hatumjui, mteja wetu ni fulani. Na kweli hawamjui! Mkataba wake mzuri wenye muhuri ulikuwa na mtu asiyeshika ufunguo.

Kwa hiyo kabla ya kifungu chochote, akaunti ifunguliwe kwa jina la SACCOS, barua pepe ya SACCOS, nenosiri kuu likae kwa meneja ndani ya bahasha kwenye sefu. Kampuni ipewe ruhusa ya kusimamia tu. Hapo mkigombana unamwondoa yeye, mfumo unabaki.

Mzee_wa_Gungu (Kigoma)

Vijana mnazunguka sana. Seva ofisini, funguo mfukoni, mkataba wa nini?

Fundi_Isevya

Mzee shikamoo. Mkataba upo: wa dhamana ya mashine, wa leseni ya mfumo, na wa hiyo bakapu ya usiku. Na ikiungua?

Wakili_Unyanyembe

Shikamoo mzee. Swali la moto si la utani. Machi 2021 jengo la seva la OVH, kampuni ya klaudi, liliteketea Strasbourg, Ufaransa. Mteja mmoja alikuwa amelipia na huduma ya bakapu, kumbe bakapu zilikuwa kwenye jengo lilelile. Januari 2023 mahakama ya biashara ya Lille ikampa fidia, kwa sababu mkataba uliahidi bakapu itakaa mahali palipotengwa na seva. Sentensi moja ya mkataba ndiyo iliyombeba. Asingekuwa nayo, angeambiwa jukumu la bakapu ni lako.

Na Mei 2024 Google Cloud (klaudi ya Google) ilifuta kwa bahati mbaya mazingira ya seva ya mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, mfuko wenye wanachama zaidi ya nusu milioni. Nakala nyingine iliyokuwa kwa mtoa huduma tofauti iliwasaidia kurudi. Kwa hiyo hata ukichagua mkubwa, nakala moja ikae nje ya nyumba yake.

Mzee_wa_Gungu (Kigoma)

Marahaba. Basi hiyo nakala nyingine ndiyo ikae ofisini kwetu, tumekubaliana.

Mwana_Ujiji

Wakuu, nimerudi. Niliwapelekea kampuni ya Dar maswali yenu, wamejibu kwa barua.

Waliyokubali bila shida: bei kwa shilingi, akaunti kwa jina letu (walinung'unika kidogo, wanasema inawaongezea kazi), sheria ya Tanzania, na taarifa ya udukuzi ndani ya saa 48. Seva kweli ziko Johannesburg, bakapu nako hukohuko ila jengo lingine.

Waliyokubali nusu: miaka 3 wameshusha hadi miaka 2, na kifungu cha mkataba kujirudia wenyewe kimebaki, ila notisi imetoka siku 90 hadi 30. Kusimamisha huduma kwa kuchelewa malipo walitaka siku 5, tumefika siku 21 baada ya kutuandikia barua. Nikawaambia pesa yetu inapita kwenye kikao cha bodi, bodi haikai kila wiki.

Walilokataa: ukomo wa dhima. Wanasema miezi 3 ya ada, kwa jambo lolote. Na siku ya kuondoka wanasema data tutapewa "kwa utaratibu wa kampuni" kwa ada itakayopangwa wakati huo. Nibanane nao au niende AWS?

Mhasibu_Kasulu

Ada itakayopangwa wakati huo! Watakupangia siku ambayo huna pa kukimbilia.

Fundi_Isevya

Kwa akaunti ya jina lenu, la kuondoka limepungua makali, lakini halijaisha, maana hifadhidata ya mfumo wao wa mikopo inaweza kuwa na muundo wanaoujua wao. Linganisha: AWS ukifunga mkataba wanakuachia data siku 30, uchukue baada ya kulipa deni. Microsoft siku 90. Na tangu 2024 Google, AWS na Microsoft wote walitangaza kuondoa ada ya kuhamisha data kwa mteja anayeondoka moja kwa moja. Mtu wa Dar hawezi kukutoza kwa jambo ambalo aliye juu yake halitozi, labda kazi ya mikono. Mwambie ataje saa na bei ya saa, leo.

Wakili_Unyanyembe

Banana nao, ila usiwaombe dhima isiyo na kikomo, hawataweka sahihi na wakiiweka hawana cha kulipa. Gawanya. Kwa mfumo kuzimika, waachie miezi 3 yao. Kwa kuvuja kwa taarifa za wanachama na kwa kukataa kurudisha data, dai miezi 24 ya ada, na uulize kama wana bima ya dhima ya kitaalamu, ile inayolipa wakikosea katika kazi yao. Kama wanayo, kiwango cha bima ndicho kiwango chako.

Kifungu cha kuondoka kiandike hivi, urekebishe utakavyo: "Mkataba ukiisha kwa sababu yoyote, Mtoa Huduma atamkabidhi Mteja data zote ndani ya siku 14, katika muundo unaoweza kusomwa na mfumo mwingine, pamoja na maelezo ya majedwali, hatazuia data kwa sababu ya deni lenye mgogoro, na atafuta nakala zake baada tu ya Mteja kuthibitisha kwa maandishi kwamba amezipokea na zinafunguka."

Neno "zinafunguka" watataka litoke. Lisitoke.

Mwana_Ujiji

Nimelituma jioni hii, na la bima nimelitanguliza. Bodi inakaa Jumamosi. Mzee wa Gungu, mwenyekiti amefurahi kusikia mashine itakuwepo chumba cha nyuma, hata kama ni ya bakapu tu.