Skrini ya pili inatoa mistari ya kijani

Ndugu wadau, kompyuta yangu ya mezani hapa Sinza ina skrini mbili zilizounganishwa kwa HDMI (waya wa picha na sauti), na ile ya kulia, yenye ubora wa juu wa 4K, humetameta na kutoa mistari ya kijani, ilhali ya kushoto imetulia. Je, kadi ya picha imeharibika?

— Mkuu, usikimbilie kununua kadi. Zima mashine, kisha ubadilishanishe nyaya: mistari ikihamia kushoto, waya ndio mbovu; ikibaki kulia, jaribu tundu jingine kabla ya kuilaumu skrini.

— Naongeza kwamba 4K kwa hezi 60 (picha 60 kwa sekunde) huhitaji toleo la HDMI 2.0, kwani toleo la 1.4 huishia hezi 30. Shusha hadi hezi 30. Picha ikitulia, tafuta waya bora Kariakoo, ingawa maandishi ya kwenye pakiti si ya kuaminiwa sana.

— Nimeshusha, imetulia. Ahsanteni.